Mke wa Kiti cha Mbele

Alhamisi tarehe 14 Agosti 2014, saa kumi na moja na robo jioni kwa saa za Msumbiji, jua likiwa ndiyo kwanza limezama Palma, kengele ya mkanda wa kiti cha mbele ililia katika gari ambalo halikuwa na mtu ndani.

Dalila aliijua saa hiyo kwa sababu alitazama simu. Kuandika saa ilikuwa tabia yake, na mwaka huo ilikuwa kazi yake pia. Aliporudi na shahada kutoka mji wa Pemba, kusini, aliajiriwa kuorodhesha nyumba, visima na minazi ya watu wa Afungi, ambako kiwanda cha gesi kingejengwa.

Gari lilikuwa Noah la kijivu, na mumewe, Rachide, alikuwa amelileta nyumbani jioni hiyo hiyo. Wageni wa gesi walitafuta magari ya kukodi zaidi ya walivyotafuta nyumba. Mama yake Rachide, Bi Mwanaharusi, alilizunguka gari na chetezo cha udi, akayanyunyizia matairi marashi. Ndipo Mudi, binamu yake Rachide, alipochukua leso mpya kwenye kamba, akaifunika boneti kama anavyofunikwa bibi harusi, akamshika Rachide mkono.

“Rachide, nimekuozesha huyu, kwa mahari ya lita arobaini za petroli.”

“Nimekubali kumwoa,” Rachide akajibu, uso mkavu kama yuko msikitini.

“Shemeji, umepata mwenzio,” Mudi akamgeukia Dalila. “Huyu hapiki, lakini hanuni.”

Dalila alicheka na wengine. Bi Mwanaharusi hakucheka.

“Maneno ya ndoa hayana utani,” alisema. “Ukioa kwa mzaha umeoa, ukiacha kwa mzaha umeacha. Na saa hizi za magharibi, udi unafuka, mnajua nani mwingine amesimama hapa?”

Hapo kengele ikalia. Ti, ti, ti. Ufunguo ulikuwa umewashwa kwa ajili ya redio, na kengele ile hulia mtu akikaa mbele bila kufunga mkanda. Mudi akafungua mlango, akakibonyeza kiti, akasema Wajapani nao hukosea. Kengele ikanyamaza.

Siku ya tatu Rachide alimwambia Dalila akae nyuma.

“Kiti cha mbele kinasumbua. Kikilia hakinyamazi.”

Dalila akakaa nyuma kama abiria. Akiwa huko aliona mambo mawili. La kwanza, kioo cha katikati, kile cha kumwonyesha dereva yaliyo nyuma yake, kilikuwa kimegeuzwa kikatazama paa. La pili, kwenye mto wa kichwa wa kiti cha mbele palikuwa na alama nyeupe, kavu, upana wa shavu la mtu. Akaikwangua kwa ukucha, akainusa. Ulikuwa msiro, ule unga wa mti ambao wanawake wa pwani husugua juu ya jiwe na kujipaka usoni wapendeze. Dalila hakuwa amejipaka msiro tangu siku ya harusi yake.

Kila asubuhi Rachide alimpeleka kazini Alzira, msimamizi wa jiko la kambi ya wageni wa gesi, mwanamke wa Pemba mwenye kicheko kikubwa. Dalila alimfikiria Alzira akiwa anapika, akiwa anahesabu minazi ya watu, akiwa anasali. Alijua kufikiri hivyo kwenye sala ni vibaya, akarudia sala, akamfikiria tena.

Sokoni, Bachir aliuza vifaa vya magari kutoka Dar es Salaam. Alikuwa na kioo kimoja chenye kamera, kipana kuliko cha kawaida, kinachopachikwa juu ya kile cha zamani. Kilikuwa na jicho moja la kutazama ndani ya gari, na jingine la kufungwa nyuma, juu ya kibao cha namba za gari.

“Kinarekodi siku nzima, dona,” Bachir alisema, akimwita kwa heshima ya Kireno. “Na mumeo akitia rivasi, chenyewe kinamwonyesha nyuma. Hagongi kisiki, hagongi mtoto.”

Jambo hilo likaletwa kwenye sinia la wali.

“Sikitaki,” Rachide alisema. “Nina shingo, nitageuka.”

“Mbona vioo vya pembeni unatazama, cha katikati umekigeuzia paa?”

“Jua linanipiga machoni.”

“Hata jioni?”

Bi Mwanaharusi aliosha mkono kabla hajashiba. “Mwanangu, usinunue. Kioo cha kawaida ukikipita, sura imeondoka. Hicho cha kuhifadhi sura kinatazama mchana kutwa, kitaona nini?”

Dalila alipima pande zote mbili kwa siku nne. Akikinunua na kukuta Alzira, ndoa imeharibika. Akikinunua asikute kitu, atakuwa mke aliyemwekea mumewe mpelelezi. Asipokinunua, atabaki na ile alama nyeupe. Siku ya tano akakinunua. Rachide hakumzuia. Alisimama mbali Bachir akikifunga, akatazama chini.

Jumamosi walikwenda Namoto kumwona dada yake Rachide, Dalila kiti cha nyuma. Jumapili saa nane mchana, nyumba tupu na jua limejaa uani, alitia kadi ya kioo kwenye kompyuta yake.

Alianza na Ijumaa. Alzira alipanda, akaufungua mlango wa mbele, akasita, akaufunga, akaenda kukaa nyuma. Fundi mmoja akafanya vivyo hivyo. Abiria sita siku hiyo waliushika mlango wa mbele, na wote sita waliuacha, kila mmoja akiinamisha kichwa kidogo kama anayeomba radhi. Dalila akahisi moyo wake unapoa, Alzira hana kosa, akataka hata kucheka, akafungua picha za Jumamosi ili ajione mwenyewe. Akajiona kiti cha nyuma, begi mapajani, akitazama dirishani; akamwona Rachide mikono miwili kwenye usukani; na kati yao, kwenye kiti cha mbele ambacho Ijumaa kilikuwa kitupu, alikuwapo mwanamke mwenye leso kichwani na msiro uso mzima, mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa, ambaye hakutazama barabara wala hakumtazama dereva, bali alikuwa amejipinda akatazama nyuma, na kutoka Palma hadi Namoto, kilomita baada ya kilomita, bila kupepesa, alikuwa akimtazama Dalila.

Chumba kikanuka marashi, na chini ya marashi tope la mikoko maji yanapotoka.

Rachide alikuwa amesimama mlangoni. “Umemwona,” alinong’ona.

“Tangu lini?”

“Siku ya pili. Kwenye kioo. Ndiyo nikakigeuza.”

“Mbona hukuniambia?”

“Nikwambie nini, Dalila? Kwamba nimeoa?”

Kompyuta ilikuwa bado inaonyesha uso ule. Dalila akaufunika kwa kiganja.

“Ni mzuri?” aliuliza, na swali likamshangaza mwenyewe.

Rachide alichelewa kujibu.

Bi Atija, fundi wa kupunga majini, aliuza kadi za simu karibu na msikiti, na alisikiliza kisa chote akiwarudishia wateja chenji.

“Huyo si wa kupungwa,” alisema. “Ameolewa mbele ya mashahidi, hana kosa. Ni wa kuachwa. Alhamisi, saa ile ile. Rachide, utaingia garini peke yako, utamtazama usoni kwenye hicho kioo chenu, utamtamkia mara tatu. Hakuna jina, jina lake hulijui, kwa hiyo macho yako ndiyo yatakayomtaja. Aliingia uani uso mbele, basi mtoe kinyumenyume.” Akamgeukia Dalila. “Na wewe, bibie, ukae ndani mlango umefungwa. Maneno hayo yasimkute mke mwingine njiani.”

Alhamisi tarehe 11 Septemba Dalila alikaa ndani. Alikaa hadi aliposikia injini. Alimwamini Bi Atija. Lakini Rachide alikuwa amechelewa kujibu, na Dalila alitaka kusikia kwa masikio yake kama sauti ya mumewe itatetemeka kwa woga au kwa huruma. Akajitupia leso kichwani, akatoka kwa mlango wa jikoni, akazunguka ua, akaenda kusimama mahali pekee ambapo alidhani mtu wa kiti cha mbele asingemwona, nyuma kabisa ya gari, hatua tatu kutoka kwenye namba.

Kengele ya mkanda ilikuwa inalia. Ti, ti, ti.

Rachide akatia rivasi.

Taa za nyuma ziliwaka nyeupe, zikampiga usoni, na kabla hajainua mkono kujikinga aliliona jicho dogo la kamera juu ya namba likimtazama, akakumbuka maneno ya Bachir sokoni, akafumbua mdomo, na kutoka dirishani sauti iliyotetemeka, kwa huruma si kwa woga, ikamfikia: “Mke wangu, nimekuacha. Nimekuacha. Nimekuacha.”

Kengele ikanyamaza. Ndani ya gari kitu kikalia *tak*, kidogo, kama mkanda unaoingia kwenye kifungo chake.

Dalila alikuwa amesharudi chumbani Rachide alipoingia. Rachide alikuwa akitweta, anatabasamu.

“Imekwisha. Nilipotia rivasi kioo kilinionyesha ameshashuka, amesimama nyuma ya gari, uso mweupe pe. Alitaka kusema kitu, maskini. Nikamwacha pale pale.” Akamgusa bega. “Kesho unarudi mbele.”

Dalila alitazama simu. Saa kumi na moja na dakika ishirini na mbili. Akasema ana homa, akaenda kulala kwa Bi Mwanaharusi.

Ijumaa, saa kumi na dakika hamsini alfajiri, alitoka nje hadi uani peke yake. Akaufungua mlango wa mbele wa gari. Mkanda ulikuwa umefungwa juu ya kiti kitupu, haukulegea, umekazwa mahali pa kifua na mahali pa tumbo. Dalila aliinamisha kichwa kidogo, akaurudisha mlango taratibu, kama anavyofungiwa mlango mke wa mtu. Kisha akaingia ndani, akakunja nguo zake kutoka chumba cha Rachide, akatandika mkeka kando ya kitanda cha mama mkwe wake, akaanza kuhesabu siku za eda.