Mishale ya Mtaani

Mama Pacha alikuwa anafua nepi, roho iko juu. Surua ilikuwa imeingia mtaani. Pacha wake walikuwa wachanga mno, umri wao wa kuchanjwa haujafika. Kinga yao ilikuwa watoto wa majirani wachanjwe, na majirani hawakwenda kliniki.

"Mwenyekiti wa mtaa ametangaza kwa kipaza sauti mpaka koo limemkauka," alimwambia jirani yake, mtafiti wa chuo. "Watu wamesikia, lakini wapi!"

"Kusikia si kuamini, Mama Pacha. Tuwaulize: mtoto akiugua, unamwuliza nani kwanza?"

Wakapita nyumba kwa nyumba. Kila mtu aliombwa ridhaa, akaahidiwa kwamba jibu lake halitatangazwa. Kisha jirani akatandika karatasi kubwa sakafuni.

"Kila mtu ni duara," alieleza. "Ukimtaja mtu, mshale unatoka kwako kwenda kwake. Huo ndio mtandao wa watu. Tukiuchora, tunaona ushauri unapitia wapi."

Mama Pacha akashika kalamu. Mshale, mshale, mshale! Kwa mwenyekiti haukwenda hata mmoja. Ghafla akapiga ukelele, pacha wakaamka.

"Kumbe wote wanakwenda kwa wifi!"

Wifi yake alikuwa msusi. Walikuwa hawasalimiani tangu harusi ya Mama Pacha, na pacha hakuwahi kuwashika. Mama Pacha alimwona mbea tu. Lakini watoto ni watoto. Akajikaza kisabuni, akaenda saluni na jirani.

"Makubwa! Leo mvua itanyesha," wifi alisema, akiendelea kusuka.

"Wifi, nisamehe. Watu wanakuamini wewe. Tusaidie chanjo ikubalike."

Mkono wa wifi ukasimama. "Mimi mwenyewe naogopa. Wangu hajachanjwa. Akipata homa je?"

"Homa ndogo huweza kuja, ikapita," jirani alijibu. "Twende kwa muuguzi, umuulize yote."

Wifi alimuuliza muuguzi maswali mpaka akaridhika. Mwanawe akachanjwa siku hiyohiyo. Kesho yake saluni haikuwa na habari nyingine. Wiki ile kliniki ilifurika, wauguzi wakaagiza chanjo zaidi. Mama Pacha alicheka, akalia, akacheka tena.

Surua ilipokwisha mtaani, mlango wake uligongwa. Alikuwa wifi.

"Nipe mmoja nimbebe," alisema. "Mimi si shangazi yao?"

Mama Pacha akampa wote wawili.