Karatasi ya Tisa

Kila Jumamosi, nikishaosha vyombo, nilipelekwa kwa shangazi kujifunza kushona. Nasema nilipelekwa, kwa sababu kwa hiari yangu nisingekwenda. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilijiona nimeumbwa kwa mambo makubwa kuliko sindano.

Shangazi alikuwa fundi cherehani. Chumba chake kilikuwa na meza ndefu, pasi, magunia ya vipande vya vitambaa, na cherehani mbili. Moja ilikuwa yake. Nyingine ilifunikwa shuka, ikisubiri mwanafunzi. Wanafunzi tulikuwa wawili tu: mimi na binamu yangu, msichana wa rika langu niliyempachika jina la Kobe. Kobe alitunga uzi huku ametoa ulimi. Akikosea mshono mmoja, alifumua mitatu. Kumtazama tu kulinichosha.

Siku hiyo tulipewa kazi ya kushona kwa pamoja kitandiko kimoja kidogo cha kuwekea birika.

"Atakayefanya kazi safi, wiki ijayo anakaa kwenye cherehani," alisema shangazi. "Mwingine atabaki na sindano ya mkono mpaka mwisho wa mwaka."

Mimi nilishajiona nimekaa. Ningeshindwaje na Kobe?

Kazi yenyewe niliiona ya kitoto. Unachora pembesita kwenye karatasi, unaikata, unakunjia kitambaa juu yake na kukipiga bandi, yaani kukishikiza kwa mishono mirefu ya muda. Kisha unaunganisha vipande ukingo kwa ukingo. Karatasi zinatolewa mwishoni. Shangazi alishona kipande cha katikati, nasi tukapewa tisa tisa, pamoja na kigezo kimoja alichokikata kwenye kifuniko cha ndoo.

"Kila karatasi ichorwe kwa hiki," alisema. "Si kwa karatasi nyingine. Mmenielewa?"

"Ndiyo, shangazi."

Nilikitumia mara moja, Kobe akakichukua. Kukifuata kulitaka nizunguke meza, hatua tatu. Hatua tatu kwa ajili ya kipande cha ndoo! Nikachora karatasi ya pili kwa ile ya kwanza, ya tatu kwa ile ya pili, nikaendelea hivyo mpaka ya tisa.

Karatasi zenyewe nilizikata kwenye mtihani wangu wa hesabu. Nilikuwa nimepata mbili kwa ishirini, na mama nilimwambia mwalimu hajarudisha. Nilipanga kuzitoa mwenyewe na kuzichoma moto. Nilijipongeza kwa akili hiyo. Nikikumbuka leo, natamani kujizaba kofi.

Nilimaliza Kobe akiwa kwenye kipande cha tano.

"Kobe, ukifika cha tisa mimi nitakuwa na mvi," nilimwambia.

Yeye alikuwa anakata uzi kwa meno.

Alasiri tuliunganisha vipande vyote. Kitandiko kilikataa kulala. Shangazi alikibonyeza katikati kwa kiganja, pembeni kukainuka. Alibonyeza pembeni, katikati kukatuna.

"Hiki ni kitandiko au kofia?" aliuliza. "Vipande vya nani vimekosewa?"

"Vya Kobe," nilisema bila kupepesa jicho. "Nilimwambia avipime vizuri, akakaidi."

Kobe alifungua kinywa. "Shangazi, mimi..." Machozi yakamzuia. Hata hapo nilimdharau: mtu hawezi kujitetea!

"Kama ni hivyo, utabaki na sindano," shangazi alimwambia. Kisha akachukua mkasi mdogo. "Lakini vitambaa vyangu sitavitupa. Nitafumua."

Niliurukia mkasi. "Niachie mimi, shangazi! Nitafumua mimi!"

"Wewe? Tangu lini unaomba kazi?"

Akafumua mwenyewe. Karatasi za Kobe zilikatwa kwenye kalenda ya zamani. Shangazi alizipanga juu ya kigezo, zote tisa zikalingana kama zimekatwa mara moja. Zangu alipozipanga zilitokeza moja baada ya nyingine kama ngazi. Ile ya tisa, kubwa kuliko zote, ilikuwa na jina langu na alama kwa wino mwekundu: mbili kwa ishirini.

Mama alikuwa ameniuliza kuhusu mtihani huo jana yake, mbele ya shangazi.

"Ni zangu," nilisema. "Nilimsingizia."

Shangazi hakupaza sauti. "Ya kwanza iko sawa kabisa," alisema. "Ya pili imezidi kidogo tu, unene wa mstari wa penseli, nani angejua? Ya tatu ikalichukua kosa hilo ikaongeza lake. Ndivyo ulivyofanya kwa mdomo wako pia. Ulianza na mama yako, leo umemaliza kwa kumliza mwenzako. Mtu akiacha kipimo cha kweli, kila hatua inamtupa mbali zaidi. Karatasi hizi utampelekea mama yako, zote tisa."

Akamgeukia binamu yangu. "Nami nilikuhukumu kabla ya kufumua. Nisamehe, mwanangu. Ondoa shuka kwenye cherehani."

Jumamosi iliyofuata binamu yangu alikaa kwenye cherehani, ulimi nje. Kigezo kilikuwa mezani upande wake. Shangazi aliagiza kisihamishwe, nami, nikichora upya karatasi zangu tisa, nikazunguka meza kwa kila moja. Safari ya nane binamu yangu aliinua kichwa.

"Hujachoka?"

"Nimechoka," nilimjibu. "Lakini bado moja."