Mke Mmoja, Mgeni Mmoja

— Saliha ni nani hapa?

Brigadier wa polisi alikuwa ameshika kaye yetu ya nyumba, ile daftari ambamo shefu wa kartiye, mkubwa wa mtaa, anaandika kila mutu anayelala kwako. Saa kumi na mbili asubuhi, mtaa wetu wa Buyenzi wote umezungukwa. Polisi mmoja amepindua godoro, mwingine anachoma gunia la mchele kwa chuma, kama vile bunduki inaota ndani ya mchele.

Mi ni fundi wa magari. Sijawahi kuiba hata nati. Wakubwa waliotutungia hizi kaye wanalala Kibenga kwenye majumba yao, na sijasikia godoro la Kibenga likipinduliwa.

— Mzee, nauliza! Kaye inasema Shaabani na mke wake Saliha. Ni huyu?

Asiya alisimama mlangoni, amejifunga kitenge, ananiangalia.

Saliha alikuwa amekufa miaka mitatu. Asiya nilikuwa nimemuoa miezi minne tu, msikitini, kwa mahari na mashahidi. Kwa shefu wa kartiye nilienda mara tano ili amwandike. "Karatasi ya kifo haina saini. Na muhuri umepotea. Rudi kesho." Mara ya sita sikuenda. Na niseme ukweli: kila nilipotoka pale jina la Saliha halijafutwa, moyo wangu ulitulia.

— Ndiyo, shefu, nikajibu. Huyu ni Saliha.

Niliona ni akili. Asiyeandikwa anapandishwa kamioneti ya polisi.

Asiya akanigeukia.

— Umeniita nani?

— Nyamaza, mama, nakuomba.

— Apana! Mi ni Asiya, mke wake wa halali. Saliha yuko kaburini, Mungu amurehemu.

Brigadier akacheka mpaka akashika ukuta.

— Mzee, una mke mufu ndani ya kaye, na mke mzima nje ya kaye. Nifunge yupi?

— Shefu, uliza imamu, tumefunga ndoa...

— Imamu hana muhuri. Mama, twende.

— Na karatasi ya kuingia kwangu iko wapi? nikauliza.

Akagonga bunduki yake.

— Hii hapa. Unajua kusoma?

Nimeishia darasa la nne. Ile niliisoma. Wakampandisha Asiya kamioneti.

Saa nne simu ikalia, ujumbe wa Asiya kutoka kituo cha polisi: "Ukileta chakula, sema jina langu. Hapa wanaita kwa majina."

Nilikimbia kwa shefu wa kartiye. Muhuri uliopotea miezi minne ulipatikana kwa dakika mbili.

— Saliha simufuti, karatasi yake haijakamilika, akasema. Na huyu hamjapita komini kuandikisha ndoa. Nitamuandika mgeni.

— Mgeni? Mke wangu?

— Unataka atoke ama hutaki?

Nikakubali.

Asiya alitoka siku ya tatu, midomo imekauka. Nikamwonyesha kaye pale pale kwenye geti la polisi.

— Angalia, mpenzi. Nimekuandika.

Akasoma kwa sauti, kidole juu ya karatasi.

— Saliha, mke. Asiya... mgeni.

— Ni shefu wa kartiye, siyo mimi! Nilitaka utoke!

— Miezi minne nakuuliza, unasema kesho. Shaabani, kulala kwenye sakafu ya sima nimeweza. Mume wangu kunipa jina la mufu mbele ya watu, hiyo imenishinda.

— Twende nyumbani, tutaongea.

— Nyumbani kwa nani? Mgeni anarudi kwao.

Alipanda basi ya Rumonge, kwa mama yake, na kitenge kile kile.

Nilipiga simu wiki mbili. Alishika mara moja.

— Asiya, rudi.

— Unaongea na nani?

— Na we. Asiya wangu.

— Hilo jina umelijua lini?

Akakata.

Mwezi jana polisi walirudi, saa ile ile, brigadier yule yule. Godoro likapinduliwa. Sikusimama hata kulishika.

— Kaye inasema mke mmoja, mgeni mmoja. Naona kikombe kimoja. Wako wapi?

— Mke alichukuliwa na Mungu. Mgeni mulimuchukua ninyi.

Aliangalia muhuri, akageuza ukurasa, akaangalia tena. Akanirudishia kaye.

— Vizuri, mzee. Safari hii kila kitu kiko sawa, uko en ordre.