Kuku Katika Tambi za Janeth

Kila Jumamosi Janeth alifagia uwanja, akachota maji bombani, akawapa kuku chakula, ndipo akakumbuka kwamba ana vitabu. Jumamosi hii vitabu hakuvikumbuka kabisa. Aliamka akiwa na jambo moja tu kichwani, nalo lilikuwa tambi.

Wiki nzima darasa la sita hawakupumzika kusikia habari za tambi hizo. Mama yake mdogo, Secilia, alikuwa mpishi katika kambi ya Wachina waliojenga barabara huko Kusini. Alipokuja likizo alimfundisha Janeth kupika tambi za Kichina. Hazikuwa zile za sukari na nazi ambazo kila mtu anazijua. Hizi zilikuwa za chumvi, zinakaangwa pamoja na karoti, kabichi, pilipili hoho na tangawizi, kisha zinanyunyiziwa sosi nyeusi ya soya. Mama mdogo alipoondoka alimwachia pakiti mbili na chupa moja ya sosi, na tangu hapo Janeth hakuwa na hadithi nyingine.

"Hivi wewe unajua kupika au unajua kusimulia tu?" Husna alimuuliza siku moja wakati wa mapumziko. Husna alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana.

"Njoo Jumamosi ukitoka madrasa," Janeth akajibu. "Nitakupikia, tena na kuku juu yake. Utajilamba vidole mpaka kwenye kiwiko!"

Wenzao wakacheka, na Janeth akavimba kichwa. Aliyetangaza ngoma sharti aicheze.

Asubuhi hiyo mama yake, Mama Aron, alikuwa anakwenda gulioni Mlola kuuza karoti na viazi. Baba alikuwa kazini Mponde, kwenye mashamba ya chai, na kaka yake Aron alikuwa shule ya bweni. Mama alifunga mzigo wake, akamwambia Janeth, "Mchukue yule kuku mweupe, mdogo. Mpeleke kwa Mzee Shabani akuchinjie, ndipo upike. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Mzee Shabani alikuwa babu yake Husna, na Husna na mama yake walikaa kwake, ng'ambo tu ya shamba la mahindi. Kijijini kwao Wakristo na Waislamu walizikana na kuozana, na palipokuwa na kitoweo cha kuliwa na wageni, aliitwa Mwislamu achinje ili asiwepo mtu wa kukaa pembeni akitazama wenzake wanakula. Nyumbani kwa Mama Aron aliyechinja siku zote ni Mzee Shabani. Mbuzi wa ubatizo wa Janeth alimchinja yeye, na kuku wa Krismasi pia.

Sasa, mama mdogo Secilia alikuwa amemwonya Janeth vizuri: "Katakata kila kitu kwanza, nyama na mboga viwe tayari. Tambi zije mwisho, maana tambi hazimngoji mtu." Lakini Janeth alikuwa na haraka ya kuonekana mpishi. Alitaka Husna akute sufuria inafuka. Kwa hiyo alianza na tambi. Alizitia kwenye maji yanayochemka, akaziepua, akaziacha humo humo, kisha akambana kuku kwapani na kukimbia kwa Mzee Shabani.

Alikuta mlango una kufuli, mama yake Husna naye hayupo. Jembe halikuwepo mahali pake ukutani, kwa hiyo mzee alikuwa bondeni kwenye kabichi zake. Kushuka bondeni ni kazi, na kupanda ni kazi mara mbili. Janeth akarudi nyumbani na kuku wake yu hai.

Alikwenda moja kwa moja kufunua sufuria. Tambi zilikuwa zimevimba. Alizichuja haraka, akazisuuza kwa maji baridi, akazipaka mafuta kidogo kama alivyofundishwa, lakini tayari zilikuwa zimeanza kushikana. Zikikaa zaidi zingekuwa ugali.

Angeweza kuzipika kwa mboga peke yake. Karoti zilikuwepo tele, na kabichi na hoho. Lakini alikwisha kumtangaza kuku mbele ya darasa zima, na mdomo uliponza kichwa. "Ni kuku mmoja tu," akajisemea. "Nani atajua?" Akachukua kisu, akamchinja mwenyewe nyuma ya jiko.

Haki ya mtu apewe, alipika vizuri. Alichukua minofu ya kidari akaikata vipande vyembamba ili iive upesi. Alichochea kuni mpaka moto ukawa mkali, akakaanga vitunguu saumu na tangawizi, akatia nyama, kisha karoti alizozikata nyembamba kama njiti za kiberiti, kisha kabichi na hoho. Mwisho akatia tambi, akanyunyiza sosi, akazigeuza kwa mwiko. Harufu ilifika njiani.

"Hodi hapa! Jamani, hii harufu ni ya nyumba hii kweli?" Husna aliingia akiwa bado amevaa hijabu nyeupe ya madrasa, ametokea huko moja kwa moja.

"Karibu, uone kama najua kusimulia tu."

Husna alinawa, akasogezewa sahani. Kabla hajagusa, akauliza kama alivyozoea kuuliza popote, "Kuku kachinja nani?"

"Nani mwingine kama si babu yako?" Janeth akajibu.

Jibu lilitoka jepesi, kabla hajalifikiria. Husna akasema bismillahi, akaanza kula.

Alikula kwa furaha. Tambi zilimponyoka kwenye uma, akazifuata kwa vidole, akacheka, akasifu. "Janeth, wewe ni mpishi! Jumatatu nitawaambia wote." Kila sifa ilimchoma Janeth. Yeye mwenyewe alizungusha uma sahanini tu. Alitazama kinywa cha rafiki yake kikitafuna, akaona aibu mpaka masikio yakamuwaka moto.

Balaa haliji peke yake. Husna alipomaliza alitazama sufuria. "Nipe kidogo nimpelekee Babu. Yeye kachinja, halafu asionje?"

"Aa, zimebaki kidogo sana..."

"Hata kijiko kimoja. Atafurahi."

Janeth angesema wakati ule, mambo yangeishia pale. Badala yake alichukua bakuli, akalijaza, akalifunika kwa sahani. Alimtazama Husna akivuka shamba la mahindi, amebeba bakuli kwa mikono miwili ili lisimwagike.

Alijaribu kuosha vyombo, akashindwa. Husna alikuwa amekwisha kula, na hilo halikuwa na dawa. Sasa mzee naye angekula, kwa mkono wa mjukuu wake, chakula ambacho asingekigusa kama angejua. Janeth aliacha mwiko majini, akakimbia.

Alimkuta Husna barazani. Bakuli lilikuwa juu ya benchi, na mzee alikuwa hajarudi.

"Husna, nirudishie hilo bakuli," Janeth akasema akihema. "Nimesahau... nimesahau kutia chumvi."

"Chumvi gani? Si nimekula, ilikuwa sawasawa!" Husna akacheka. "Usiwe mchoyo bwana. Ngoja nikamchotee Babu maji ya kunawa, namsikia anakuja."

Akaingia ndani. Na kweli, Mzee Shabani alikuwa anatokeza, jembe begani, suruali imejaa udongo mpaka magotini.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo? Mama karudi gulioni?" Mzee akaketi, akanusa, akafunua bakuli. "Ahaa! Ndizo hizi tambi zenu za Kichina? Husna hakutuacha tulale wiki hii." Alikuwa mzee wa maneno mengi na njaa ya kweli. "Na kuku mmetia! Watu wengine ningewauliza kuku katoka wapi, kachinjwa na nani. Chakula cha kwa Mama Aron sijawahi kukiuliza."

Alisema hivyo kwa wema tu, wala hakujua alichosema. Akanyoosha mkono kwenye bakuli, maji ya kunawa hata hayajafika.

"Babu, usile!" Janeth akapiga kelele. "Kuku nimemchinja mimi! Nilikuja sikukukuta. Nikamchinja mwenyewe, nikamwambia Husna umechinja wewe."

Husna alikuwa amesimama mlangoni na kopo la maji. Aliweka kopo chini taratibu.

"Nilikuuliza, Janeth," akasema. "Nilikuuliza kwa mdomo wangu."

Akazunguka nyuma ya nyumba, na wote wawili wakasikia anavyojitapisha. Janeth alitamani ardhi ipasuke immeze. Alijitazama miguu, machozi yakidondoka vumbini.

Mzee Shabani alisema maneno ya Kishambaa, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, akalifunika bakuli, akalisogeza mbali. Alimwita Husna, akamkalisha karibu naye. "Usijitese, mwanangu. Wewe uliuliza, ukadanganywa. Mwenyezi Mungu hamwandikii mtu kosa asilolijua." Kisha akamgeukia Janeth, na uso wake haukuwa na mzaha. "Na wewe nenda nyumbani. Mama yako akirudi mwambie wewe mwenyewe, kwa kinywa chako, kabla hajasikia kwangu."

Mama Aron alirudi jua likizama. Janeth alimpokea mzigo, akamweleza yote, bila kupunguza. Mama aliketi juu ya gunia tupu.

"Miaka yote hii," akasema, "hakuna mtu aliyewahi kufunua sufuria yangu akauliza. Wanakuja, wanakaa, wanakula. Wewe umeniharibia hilo kwa ajili ya kusifiwa tambi?"

Angempiga, Janeth angeona nafuu.

Kesho yake walipotoka kanisani walikwenda moja kwa moja kuomba radhi. Mzee Shabani aliwapokea, akasamehe. Mama yake Husna naye alisamehe, ingawa alisema kwa ufupi. Husna hakutoka ndani. Na Jumatatu, Janeth alipoingia darasani, alimkuta Husna amehamia dawati la mbele, karibu na Halima. Hakumtangaza kwa mtu, na wenzao walipouliza habari za tambi, alisema tu, "Muulizeni mwenyewe." Janeth akajibu kwamba alidanganya na hataki kuzizungumza. Walimcheka. Akavumilia.

Zilipita Jumamosi mbili. Ya tatu Mzee Shabani alimsimamisha njiani. "Wewe, mpishi! Ile harufu imenikaa puani mpaka leo. Lete pakiti yako iliyobaki, uje upike kwangu, jikoni kwangu, kwa sufuria zangu. Kuku nitatoa mimi."

Janeth alikwenda na pakiti yake na ile chupa ya sosi. Mzee alichinja mwenyewe mbele ya wote, kisha akamwamuru Husna akate karoti. Husna alikata bila kumtazama mgeni wake. Lakini baadaye alianza kuuliza, na hakuacha.

"Hicho kisu kimetoka wapi?"

"Ni cha kwenu. Kanipa mama yako."

"Mafuta hayo ya nini?"

"Ya alizeti. Umeyatoa wewe kabatini."

"Na hiyo chupa nyeusi ina nini?"

Janeth aliigeuza chupa. Zamani angejibu haraka, angejidai. "Hapa wameandika soya, ngano na chumvi. Haya mengine ni Kichina, sijui kusoma. Siwezi kukuambia nisichokijua."

Husna alifikiri. "Basi tusitie."

"Tusitie," Janeth akakubali. "Tutatia chumvi na ndimu."

Safari hii mboga na nyama vilitangulia, tambi zikaja mwisho. Husna alipotoka kuchukua sahani, Janeth alifuta macho kwa ukosi wa gauni. "Babu, kila kitu ananiuliza. Hataniamini tena."

Mzee Shabani alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na moto. "Sikiliza, mjukuu wangu. Mtu akishakukata kabisa hakuulizi kitu. Anakaa mbali na chakula chako, basi. Huyu anauliza kwa sababu anatafuta njia ya kula na wewe tena. Kosa lako halikuwa kisu tu. Uliulizwa, ukajibu uongo, ili usifiwe. Sasa dawa yake ni hiyo hiyo. Kila ukiulizwa, jibu kweli, hata kama kweli inakuaibisha. Aibu ya kusema kweli inapita. Aibu ya uongo umekwisha kuionja mwenyewe, unaijua ladha yake."

"Ndiyo, Babu."

Husna alirudi na sahani, akainamia sufuria. "Umeonja chumvi?"

Janeth akasita. "Sijaonja. Nilikuwa nalia, nikasahau."

Husna akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Akachukua mwiko, akaonja, akakunja uso.

"Hazina chumvi kabisa," akasema, kisha akampa Janeth ule ule mwiko. "Hebu onja na wewe."