Mgeni wa Angani na Ufagio

Kila asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kujisifu, Kifagio alikuwa ameshashika chombo kilichompa jina lake la utani. Alifagia chumba, akafagia baraza, na paka angezubaa kidogo, naye angefagiwa.

"Bakiza hata mchanga kidogo, mjukuu wangu," Bibi yake alizoea kumtania. "Tusije tukaelea!"

Lakini siku hizo utani wa Bibi ulikuwa umepungua. Alikuwa na pumu, na karibu kila siku simu yake ilileta ujumbe uleule: "Hewa ina vumbi jingi. Wenye pumu wakae ndani." Basi cherehani yake ikahamishwa kutoka barazani hadi chumbani, mahali penye giza. Akawa anatunga uzi kwa kubahatisha na kuwasalimia wapita njia kupitia upenyo wa dirisha.

"Nimekuwa kuku anayeatamia," alilalamika. "Tena afadhali kuku, yeye ana siku yake ya kutoka."

Ujumbe huo ulitumwa na mtaalamu ambaye wanafunzi walimwita Mama Hewa. Yeye ndiye aliyefunga kisanduku cheupe kwenye nguzo, pembeni mwa uwanja wa shule. Siku ya kukifunga, kabla ujumbe huo haujaanza kuja, aliwaeleza kwamba setilaiti hupita juu kila siku saa nne na kukadiria vumbi lililomo hewani. Kwa kuwa iko mbali mno, mara nyingine hukosea. Kisanduku nacho huvuta hewa ya hapahapa chini na kupima vumbi lake, kisha hesabu ya chini husahihisha ile ya juu.

"Kwa hiyo kila saa nne, setilaiti inatutazama," alimaliza.

Katika maelezo yote hayo, Kifagio alibaki na neno moja tu: inatutazama. Mgeni apite halafu uwanja uwe mchafu? Aibu gani hiyo!

Kesho yake, wakati wa mapumziko ya saa nne, aliwakusanya wenzake na fagio zao. "Haya, fagieni! Mgeni yuko njiani!"

Vumbi likatimka mpaka magoli yakapotea. Rafiki yake Redio, msichana ambaye mdomo wake haukuwa na swichi ya kuzimia, alikuwa akipunga mkono angani.

"Unampungia nani?"

"Setilaiti! Ijue kwamba hapa golini nimefagia mimi."

Mwalimu aliwasifu, nao wakaendelea hivyo kila siku ya masomo.

Wiki chache baadaye Mama Hewa alirudi, uso umekunjamana kama nguo isiyopigwa pasi.

"Setilaiti na kisanduku haviafikiani," aliliambia darasa. "Setilaiti inasema hewa ni safi, kisanduku kinasema vumbi tele. Sisi tumekiamini kisanduku, ndiyo maana tunawaonya watu. Wiki ijayo tutabadilisha hesabu za setilaiti kwa mji mzima. Jambo moja tu linanishangaza: Jumamosi na Jumapili vinapatana kama mapacha."

Kifagio akakumbuka jambo. Jumamosi na Jumapili hakuna anayefagia.

"Nyamaza," Redio alimnong'oneza, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kulitumia neno hilo. "Kesho tuache kufagia. Nani atajua?"

Akilini, Kifagio alimwona Bibi akichungulia kwenye ule upenyo wa dirisha. Hesabu zikishabadilishwa, atatoka lini? Akasimama.

"Mama, ni mimi. Kila saa nne tunafagia pale karibu na kisanduku. Nilitaka setilaiti ituone tuko safi."

Darasa zima likaangua kicheko. Mama Hewa alitazama kisanduku, akatazama uwanja, naye akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akamshika Kifagio bega.

"Ahsante sana, mwanangu. Setilaiti ilikuwa sahihi, na mimi nilikuwa karibu kuikosesha."

Vipimo vya vumbi la fagio vikatupwa. Kuanzia hapo uwanja ulifagiwa jioni, baada ya kunyunyiziwa maji, na Kifagio akawa mlinzi wa saa nne: hata Redio hakuruhusiwa kuburuta viatu.

Haikupita siku nyingi simu ya Bibi ikalia: "Hewa ni safi." Kifagio alipotoka shule, waliibeba cherehani pamoja hadi barazani.

"Ahsante, mjukuu wangu," Bibi alisema, akivuta pumzi kama anayeonja asali.

"Lakini Bibi, si mimi niliyekufungia ndani?"

"Ni wewe, na nitakukumbusha mpaka uote mvi! Ila mlango umeufungua wewe pia. Fundi akikata kitambaa vibaya akanyamaza, atashona juu ya kosa mpaka mteja atembee na kola begani. Akisema mapema, anafumua kidogo tu. Bidii ni njema, lakini hata bidii hukosea. Ikikosea, sema kweli upesi."

Kisha akainua macho, akapunga mkono angani.

"Imeshapita tangu saa nne, Bibi."

"Na ipite," alijibu Bibi, akitunga uzi mara moja tu. "Salamu haziozi."