Mguu Hufundisha Kichwa

Kila asubuhi Kwamboka alimtoa mumewe Abner nje, akamkalisha juani na kumpa uji. Walikaa Ekerenyo, kwenye shamba la chai na ndizi. Tangu Abner apate kiharusi mwaka huo wa 1996, mguu wake wa kushoto ulikuwa ukiburuta. Akitaka maji, aliletewa. Akitaka kwenda chooni, Kwamboka alimbeba karibu mzima mzima. Alimpenda mno, na mapenzi yake hayakujua kupumzika.

Siku moja Ochoki, mdogo wake Abner, alikuja na habari.

"Shemeji, nimeongea na omobari. Atakuja mwezi ujao apasue kichwa, atoe huo ubaya."

Omobari ni mganga wa Kikisii anayepasua kichwa na kukwangua mfupa. Kwamboka aliogopa pande zote mbili. Akikataa, ataambiwa hataki mume apone. Akikubali, huenda akamzika. Alikwenda mbio kwa jirani yake Phanice, anayefundisha wagonjwa mazoezi hospitalini.

"Omobari huitwa mtu akipigwa kichwani," Phanice alisema. "Abner amepigwa na nani?"

"Hakuna."

"Basi. Yeye mshipa wa damu uliziba ndani ya ubongo. Kisu hakiwezi kuuzibua. Kitamwongezea kidonda tu."

"Sasa ubongo utaamshwa na nini?"

"Huko ng'ambo madaktari wanajaribu mashine ya sumaku. Inawekwa juu ya kichwa, inaamsha ubongo bila kupasua hata ngozi. Lakini bado wanapima kama inasaidia mtu kutembea. Na hata huko, mgonjwa lazima atembee. Mguu ukikosea, ubongo unajirekebisha. Ndivyo unavyojifunza. Wewe unambeba, utajifunza lini? Mtembea bure si sawa na mkaa bure, dada."

Kwamboka aliona haya. Kumbe wema wake ndio uliomfunga mumewe kwenye kiti.

Kesho yake Phanice alilaza maganda ya mgomba njiani, kwa umbali wa hatua moja moja.

"Abner, vuka, usikanyage. Dada, simama upande wa mguu mgonjwa, umshike mkanda. Na dawa za presha asiache hata siku moja."

Abner aliyakanyaga yote.

"Ulikuja kunichumbia ukiruka mitaro," Kwamboka alimtania. "Leo ganda la mgomba limekushinda?"

Abner alicheka, akajaribu tena. Siku ya tatu alivuka mawili. Kila wiki Phanice aliyasogeza mbali zaidi, na hatua zikarefuka.

Mwezi ulipokaribia kwisha, Abner alichukua fimbo.

"Naenda kwa Ochoki. Usinifuate."

Kwamboka alimfuata hivyo hivyo, nyuma kidogo, roho mkononi. Njia ilikuwa ya mlima. Abner alisimama mara tatu kupumzika. Ochoki alikuwa akikata nyasi za ng'ombe. Alimwona kaka yake akiingia uani kwa miguu yake mwenyewe. Panga lilimdondoka, machozi yakamtoka.

"Ochoki," Abner alisema akihema, "mwambie omobari asije. Hiki kichwa bado nakitumia."