Samaki wa Okko

Kila Jumatatu baada ya masomo tulivua viatu mlangoni, tukaingia chumba cha kompyuta tukiwa na soksi tu, kila mtu na disketi yake mfukoni. Hapo ni Tampere, nchini Ufini, mwaka 1996, nami nina miaka kumi na miwili. Jamani, nakikumbuka chumba kile! Kilinukia kahawa ya Mwalimu Raili na sufu iliyolowa theluji.

Mimi na Okko tulikuwa tunatengeneza mchezo wa kuvua samaki chini ya barafu. Mwanzoni tulihifadhi nakala ovyo ovyo: "mchezo mpya", "mchezo mpya kabisa", "huu ndio wenyewe". Mwalimu akachoka. Akatuwekea kompyuta kuu iliyotunza kila toleo, na kila aliyeingiza kazi aliandika jina lake na alichobadilisha.

Ijumaa moja Okko alibaki shuleni, akaingiza samaki wanaoogelea, kazi ya wiki tatu. Mimi nilikuwa nyumbani, nachora shimo la barafu kwenye nakala yangu ya zamani. Jumatatu nikaipachika juu ya kazi yake, na samaki wote wakatoweka! Nikaingiwa na hofu, nikaandika: "Marekebisho madogo."

Jioni ile wazazi wangekuja kuuona mchezo.

"Samaki wangu wako wapi?" Okko akauliza.

"Mimi nijuaje? Labda hukuhifadhi."

"Nilihifadhi! Bibi yangu anakuja kuwaona, Tuija!"

Machozi yalimlenga. Moyo uliniuma, nikashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, ni mimi. Nimewafuta kwa bahati mbaya, halafu nikaficha."

"Haya, tuwatafute," alisema Mwalimu. Akafungua toleo la Ijumaa, na samaki wale pale! Tukaunganisha kazi zetu mstari kwa mstari, mpaka samaki wakaogelea chini ya shimo langu.

"Kukosea si tatizo, wanangu," Mwalimu akasema. "Mashine imetutunzia kazi ya Ijumaa. Lakini ukiandika uongo, mwenzako hatajua arudi wapi. Andikeni ukweli."

Nikaandika: "Nilifuta samaki wa Okko. Wamerudi."

Okko akanigusa kwa kiwiko. "Ongeza 'nisamehe', mkaidi wewe!"

Nikaongeza.

Siku hizi kazini kila mmoja wetu ana historia nzima ya kazi kwenye kompyuta yake mwenyewe. Disketi hazipo tena, na Mwalimu Raili amestaafu. Nawakumbuka sana wote wawili, yeye na Okko. Mwenzangu akiandika "marekebisho madogo", namuuliza papo hapo, "Madogo yapi? Hebu andika."